Meza ya Fundi Haikai Tupu



Mpwa wangu ana duka la steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Anatoa kopi, anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, wanafunzi wanapanga foleni mpaka barazani. Kazi yote hiyo imebebwa na kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka ndani. Wiki chache zilizopita alinipigia simu usiku, baada ya kufunga duka.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Habari za biashara?”

“Biashara ipo, mashine ndiyo hainitaki. Leo nimesafisha RAM mara sita, na bado inaganda mteja akiwa amesimama mbele yangu.”

Mara sita kwa siku moja! Nikamuuliza anasafishaje. Akasema kuna programu aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi. Inakaa pale chini karibu na saa, inaonyesha asilimia ya RAM iliyotumika, na ikivuka themanini namba inageuka nyekundu. Akibofya, inashuka mpaka arobaini. Dakika tatu baadaye imerudi ilikotoka. “Sasa nimeiwekea ijisafishe yenyewe kila baada ya dakika tano,” akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata dawa.

Jumamosi nikapanda basi. Ninayowaletea jioni hii ni yale niliyoyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, maana najua wako wengi wenye programu kama hiyo kwenye kompyuta zao, na wengine wameilipia. Inauma mtu kutoa fedha ya kula ili mashine yake izidi kuwa nzito.

Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani pale Kihonda. Alikuwa na meza moja ya mninga, na chumba cha nyuma kilichojaa mafurushi ya vitambaa. Saa za kazi sikuwahi kuiona meza ile ikiwa tupu. Kulikuwa na gauni linalosubiri kola, suruali ya sare inayosubiri pindo, uzi, mkasi, chaki, futi kamba. Kila alichokihitaji alinyoosha mkono tu. Kuinuka kwenda chumba cha nyuma, kufungua furushi, kutafuta, kurudi, hiyo ilikuwa safari, na mama aliichukia safari ile kuliko kitu chochote katika kazi yake.

RAM ni ile meza. Diski ni chumba cha nyuma. Na umbali wa kati yao kwenye kompyuta ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Kufikia kitu kilichoko kwenye RAM huchukua takriban sehemu mia moja za bilioni ya sekunde. Kukitafuta kwenye diski inayozunguka huchukua takriban sehemu kumi za elfu ya sekunde. Zote ni kufumba na kufumbua kwa macho yetu, kwa hiyo tuzikuze. Tuseme kunyoosha mkono mezani kunachukua sekunde 1. Basi kwenda chumba cha nyuma na kurudi kutachukua sekunde 100,000, yaani zaidi ya saa 27. Ukiwa na diski ya kisasa ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, safari hiyo inapungua sana, lakini bado ni kama robo saa na ushee kwa kila kitu unachokifuata.

Shikeni hesabu hiyo, maana ndiyo inayoeleza kila kinachotokea kwenye kompyuta nzito.

Nilipofika dukani sikugusa ile programu ya kusafisha. Nilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha la Task Manager. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha mtu anayeanza, na hakihitaji kununuliwa wala kuletwa kwenye flashi. Kimo ndani ya Windows tangu Windows NT 4.0 ya mwaka 1996. Nikaenda sehemu ya Performance, kisha Memory, nikamwambia mpwa wangu avute kiti.

Namba kubwa inayovuta macho pale ni asilimia, na yake ilikuwa 86. Yeye alikuwa akiiangalia hiyo tu. Nikamwonyesha namba ndogo zilizo chini. Ya kwanza imeandikwa Available. Hiyo ni nafasi ambayo programu mpya ikija itaipata papo hapo. Ndani yake zimo pia kurasa za akiba, vitu ambavyo Windows imevishika kwa kudhani utavihitaji tena. Tangu Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, Windows imekuwa ikijaza kwa makusudi sehemu ya RAM isiyo na kazi, ikitanguliza faili za programu unazozipenda. Ni vile vipande ambavyo mama aliviweka ukingoni mwa meza: mteja mpya akija, vinasogezwa bila ubishi. Meza inaonekana imejaa, kumbe nafasi ipo.

Watengenezaji wa mifumo mingine nao walilazimika kulieleza jambo hili upya, kwa sababu watu walikuwa wakitishika bure. Kwenye Linux, mwaka 2014, toleo la 3.14 la kiini chake liliongeza mstari mzima wa kukadiria nafasi inayopatikana kweli, maana ule wa nafasi tupu ulikuwa ukisomwa vibaya kila siku. Mwaka mmoja kabla, Apple walipotoa OS X Mavericks, waliweka mchoro unaoonyesha mfumo umebanwa kiasi gani, kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Kwenye Mac yenye afya utaona RAM karibu yote ina kazi na mchoro bado ni wa kijani.

Namba ya pili niliyomwonyesha imeandikwa Committed, na yake ilisomeka 6.8/7.9 GB. Hapa nilikaa kimya kidogo, kwa sababu ndipo ugonjwa wenyewe ulipokuwa. Committed ni ahadi. Ni jumla ya kumbukumbu ambayo mfumo umeziahidi programu zote zilizo wazi. Upande wa kulia ni kikomo cha ahadi, yaani RAM pamoja na faili maalumu iliyotengwa kwenye diski ili kupokea kinachozidi. Kompyuta yenye GB 4 ilikuwa imeahidi karibu 7. Ni sawa na fundi aliyepokea kazi za sikukuu mpaka zikazidi meza yake karibu mara mbili. Mafurushi yatashinda njiani siku nzima.

Nikampeleka upande wa Disk. Asilimia 100. Taa ya mashine ilikuwa inawaka bila kupumzika, na sote wawili tulikuwa tumekunja mikono, hakuna aliyefungua chochote.

“Mjomba, nani anaitumia?”

Tukasubiri. Dakika tano zilipotimia, ile programu ya kusafisha ikajibofya. RAM ikashuka kutoka 86 mpaka 43, na mpwa wangu akatabasamu. Kisha nikamwambia arudi kwenye barua aliyokuwa akiichapa. Alibofya, dirisha likageuka jeupe, likasimama. Taa ya diski ikawaka mfululizo. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na tisa ndipo maneno ya barua yakarudi.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu programu nyingi za aina hii hufanya jambo hilohilo chini ya rangi na mapambo tofauti. Windows ina amri halali inayoweza kuiambia programu iachie kurasa zote za RAM ilizozishika. Kisafishaji huipeleka amri hiyo kwa programu zote, moja baada ya nyingine. Namba inaporomoka. Kinachostahili kubaki hakijatupwa, maana barua ya mteja haiwezi kutupwa. Kimehamishwa: kwanza kwenda kwenye fungu la akiba, na kama RAM ni finyu kama ile ya GB 4, kimesukumwa mpaka kwenye diski. Ukiigusa tu barua yako, mfumo unaanza kukirudisha, kipande kwa kipande, kwa ile safari ya saa 27. Ni kama mtoto mtiifu anayeingia kila baada ya dakika tano, anakusanya kila kilichoko mezani kwa mama, anakipeleka chumba cha nyuma, halafu anasimama mlangoni akingoja asifiwe kwa usafi.

Hali hii wataalamu waliijua kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wazo la kutumia hifadhi ya nje kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu lilianza kufanya kazi kwenye kompyuta ya Atlas, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Tom Kilburn. Hapo palikuwa na ngoma ya sumaku mahali pa diski. Lilikuwa wazo kubwa na mpaka leo simu na kompyuta zetu zinaishi nalo. Lakini miaka sita tu baadaye, mwaka 1968, Mmarekani Peter Denning aliandika kuhusu ubaya wake: mashine ikizidiwa, inafika mahali inashinda ikibeba kurasa kwenda na kurudi, na kazi yenyewe haisogei. Dawa aliyoieleza ni kuhakikisha kila programu inabaki na lile fungu la kurasa inalolitumia kwa wakati huo. Kisafishaji cha mpwa wangu kilikuwa kikilinyang’anya fungu hilohilo kila baada ya dakika tano.

Wapo watakaosema, basi hizi programu zote ni utapeli. Hapana, nisiwasingizie watu. Zipo zilizoandikwa kwa uaminifu, na nitafika huko. Ila utapeli nao una historia. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya California iliuza programu iliyoitwa SoftRAM95, kwa ahadi ya kuongeza kumbukumbu mara mbili bila kununua RAM. Wakati ule RAM ilikuwa ghali mno, na watu waliinunua kwa shauku, zaidi ya nakala laki sita. Wachunguzi walioifungua, mmoja wao Mark Russinovich, walikuta haibani wala haiongezi chochote kwenye Windows 95. Ilikuwa na mishale na vipimo vizuri vya kuangalia. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za biashara iliishika kampuni hiyo, na mwaka 1996 ikaingia nayo makubaliano ya kuacha madai yale. Russinovich mwenyewe, pamoja na Bryce Cogswell, mwaka huohuo walianzisha mradi uliokuja kuitwa Sysinternals, ambao zana zake za kuchungulia ndani ya Windows hutolewa bure mpaka leo. Microsoft waliununua mwaka 2006.

Ninaposema anza, basi, ninasema anza kwa kutazama. Kuondoa kitu mezani kutakuja baadaye, kukihitajika.

Mpwa wangu alitaka kubaki na kile kinamba karibu na saa, na sikumkatalia, kinamsaidia. Tuliifuta ile programu ya kwenye flashi, kwa sababu hakuna aliyejua ilikotoka, na programu ya kusafisha RAM huomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, yaani unaikabidhi funguo za nyumba nzima. Tukapakua Mem Reduct, ndogo, ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, tukaichukua kwa mtengenezaji wake mwenyewe. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuingia kwenye mipangilio yake na kuhakikisha hakuna usafishaji wa kujiendesha, iwe kwa asilimia au kwa dakika. Ikabaki kuwa saa ya ukutani, inasema hali ilivyo, haigusi kitu.

Halafu nikamnunulia daftari la kurasa 48.

Nilimwomba aandike mara tatu kwa siku, asubuhi akifungua, saa saba mchana, na jioni kabla ya kufunga: Available ni ngapi, Committed ni ngapi, na programu tatu zinazoongoza kwa kula RAM. Hizo tatu anaziona kwenye Task Manager, sehemu ya Processes, akibofya neno Memory juu ya safu ili kubwa zije juu. Na kila mashine itakapoganda, afungue Resource Monitor, aende Memory, atazame safu ya Hard Faults/sec. Hiyo inahesabu ni mara ngapi kwa sekunde programu imekosa kitu mezani ikalazimika kukifuata kwenye diski. Namba ikiruka juu mara moja unapofungua programu, ni kawaida. Ikishikilia mamia na isishuke, mashine imebanwa kweli, na hapo una haki ya kulalamika kuhusu RAM. Ikiwa karibu na sifuri na bado kompyuta ni nzito, tafuta kwingine: joto, vumbi kwenye feni, virusi, diski inayokufa. Nimewaona watu wakinunua RAM kutibu diski mbovu.

Baada ya siku nne akanitumia picha za kurasa za daftari kwa WhatsApp. Wasikilizaji, nilizisoma kama anayesoma barua ya mapenzi.

Brauza yake ndiyo iliongoza, kama nilivyotarajia. Wanafunzi walikuwa wanakuja, wanafungua ukurasa wa maombi, wanamaliza, wanaondoka, ukurasa unabaki. Siku moja aliandika “vichupo 31”. Brauza za leo zina uwezo wa kulaza vichupo usivyovigusa ili viachie kumbukumbu. Chrome iliupata uwezo huo mwishoni mwa 2022, na unawashwa kwenye mipangilio. Tuliuwasha. Pia kulikuwa na programu mbili za kuzuia virusi zinazochungana zenyewe, na nyingine tano zinazoamka pamoja na kompyuta bila kuitwa. Hizo tulizizima katika sehemu ya Startup, nikabakisha kizuia virusi kimoja.

Lakini kilichonifurahisha ni mstari uliokuwa wa tatu. Programu moja iliyokuja na printa, ambayo kazi yake ni kuonyesha kiasi cha wino, asubuhi ilikuwa na MB 90. Saa saba, 600 na kitu. Jioni, 1,400. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Hiyo tunaiita programu inayovuja: inaomba kumbukumbu, inamaliza kuitumia, inasahau kuirudisha, inaomba tena. Ni kosa la walioiandika. Na angalieni jinsi kisafishaji kilivyokuwa kinaificha. Kila dakika tano kiliisukuma ile takataka yake kwenye diski, namba inashuka, lakini ahadi zinazidi kurundikana, mpaka kikomo kinakaribia na mashine inaanza kukataa kufungua faili. Mgonjwa alikuwa anapewa dawa ya kushusha homa tu. Kuvuja huko hakutibiwi kwa kusafisha RAM. Unaifunga programu husika na kuifungua upya, au unaweka toleo lake jipya, au unaiondoa. Tuliiondoa. Printa inachapa bila hiyo, na wino anaupima kwa kutazama karatasi.

Je, kile kitufe cha kusafisha hakina siku yake? Kina siku chache. Ukitaka kupima kwa haki kama programu fulani inavuja, kusafisha kabla ya kuanza hukupa mahali pa kuanzia kuhesabu. RAMMap, mojawapo ya zana za Sysinternals, ina kitufe cha namna hiyo na mafundi hukitumia kwa vipimo. Na ukiwa umemaliza kazi moja nzito, unataka kuingia katika nyingine, hakitakudhuru sana. Lakini kifanye kwa mkono wako, ukijua kwa nini. Kwenye simu za Android nasema kwa kifupi: mfumo wenyewe hufunga programu za nyuma unapohitaji nafasi. Hizo za kuongeza kasi zinazojaa matangazo, ziondoe leo usiku.

Bado GB 4 ni chache kwa duka lile, na daftari lilithibitisha: hata baada ya kuondoa yote hayo, ahadi za mchana zilikuwa zinazidi RAM. Sasa tulikuwa na sababu ya kutoa fedha. Ukurasa uleule wa Memory una mstari unaosema nafasi za kuchomeka RAM zilizotumika, na kwake ulisomeka 1 kati ya 2. Maana yake, hakuhitaji kutupa kipande cha zamani, aliongeza tu. Tukazima mashine, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu, tukasoma kibandiko: DDR3. Nawasihi mkisome kabla ya kwenda dukani, maana kipande cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3, pengo lake liko mahali pengine, na cha laptopu ni kifupi kuliko cha mezani. Akanunua kipande cha GB 4, akakichomeka mwenyewe mpaka vishikizo vikalia pande zote mbili. SSD atanunua msimu wa mikopo ukipita.

Juzi nilimpigia kumjulia hali. Nikasikia printa ikinguruma nyuma yake na sauti ya mtu anayeuliza bei ya kulaminisha cheti.

“Namba yako ni ngapi sasa?” nikauliza.

“Ngoja, mjomba, niangalie.” Akanyamaza kidogo. “Sabini na nne. Jana ilikuwa sabini na tisa. Ila Committed ni tano nukta tatu, na diski imetulia.” Kisha akaniambia yuko na mteja, atanipigia akifunga.